Mita hairudi nyuma: uchambuzi wa kesi ya bili ya maji

Mama mmoja, aliyeshtakiwa na kampuni ya maji kwa bili yake, alinijia siku ya 9 tangu apokee wito wa mahakama. Bahasha alikuwa ameifungia kwenye droo, chini ya vitambaa, kwa sababu kila akiiona moyo ulikuwa unamwenda mbio. Ndani mlikuwa na hati ya madai ya kurasa tatu, taarifa ya akaunti ya maji ya miezi 22, na karatasi yenye mhuri iliyomtaka ajibu ndani ya siku 14. Zilibaki siku 5.

Alikuwa amekuja pia na majibu yake mwenyewe, kurasa mbili za daftari, mwandiko mzuri uliopangika. Alieleza jinsi mwanawe alivyolazwa, jinsi kibarua chake kilivyoota nyasi, jinsi alivyokuwa akilipa kidogo kidogo hadi akashindwa. Mwisho aliandika: "Nakubali nadaiwa. Naomba mahakama inionee huruma, nitalipa nikipata."

Nilizisoma mara mbili. Hapakuwa na uongo hata mstari mmoja. Hata hivyo nilimsihi asizipeleke, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike kisa hiki kwa kirefu. Mdai alitaka alipwe maji ya uniti 386. Mama, kama tulivyokuja kugundua, alikuwa anadaiwa uniti 113. Barua ile ya unyenyekevu ingekuwa kukiri deni lote, na mdaiwa akishakiri kwa maandishi, hakimu anaweza kuandika hukumu juu ya kukiri huko bila kumsikiliza shahidi hata mmoja. Angelipa zaidi ya mara tatu ya deni lake, na angelipa kwa sababu ya uungwana wake.

Nimeona jambo hili mara nyingi mno. Mtu akiwa na deni la kweli, hata dogo, aibu humfunga mdomo asiulize kiasi. Anajiona hana haki ya kupinga chochote. Lakini kudaiwa na kudaiwa kiasi fulani ni mambo mawili, na mahakama huyaamua kila moja kivyake.

Kabla ya kugusa hesabu

Jambo la kwanza lilikuwa kuhakikisha kwamba kesi ipo kweli. Wako matapeli wanaotuma karatasi zinazofanana na za mahakama, zenye namba ya simu ya "ofisa" na vitisho vya kukamatwa. Tuliiacha namba iliyokuwa kwenye barua ya mdai, tukaenda masjala ya mahakama na namba ya kesi. Karani alifungua daftari, akatuonyesha jina lake. Kesi ilikuwepo.

La pili, siku. Muda wa kujibu hautoshani kila mahali, na anayeishi kwa maneno ya jirani huumia. Tanzania, katika kesi ya kawaida ya madai, mdaiwa ana siku 21 za kuleta utetezi wake wa maandishi. Katika Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ni siku 15. England na Wales ni siku 14, zinazofika 28 kama mdaiwa atawasilisha kwanza fomu ya kukiri kwamba amepokea madai. Ujerumani, anayepelekewa amri ya malipo ana wiki 2 za kuipinga. Kwa hiyo soma karatasi yako, hesabu kuanzia siku uliyopokea au siku ambayo sheria inahesabu kuwa umepokea, na andika tarehe hiyo juu ya bahasha. Bahasha usiitupe. Siku moja unaweza kubishana kuhusu lini ulipewa wito, na mhuri wa posta ndio utakaokuwa shahidi wako.

Mama aliniambia jambo lililonitia wasiwasi kuliko droo. "Lakini mwanangu, mimi niliwapigia simu siku ile ile. Yule dada akaniambia, usijali mama, tutaliangalia."

Nilimuuliza kama alipewa kitu chochote kwa maandishi. Hakupewa. Sikubali kwamba yule dada alikuwa na nia mbaya. Huenda aliyeshika simu hakujua hata kama idara ya sheria ya kampuni yake imeshafungua kesi. Lakini kupiga simu sio kujibu madai. Kulalamika kwa mamlaka inayosimamia huduma hiyo ni jambo zuri, nalo pia halisimamishi saa ya mahakama. Hata mazungumzo mazuri na wakili wa mdai hayaisimamishi, mpaka kuwe na karatasi iliyofika masjala. Muda ukipita kimya, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, na mara nyingi anaipata mezani bila mtu yeyote kuitwa.

Mezani, na kalamu

Hapa ndipo tulipotumia muda wetu mwingi, jioni mbili nzima.

Taarifa ya akaunti ilianza na usomaji wa mita 1,206 na kuishia na 1,742. Toa moja kwenye nyingine unapata uniti 536. Kampuni ilikuwa imetambua malipo yenye thamani ya uniti 150, ikabaki 386. Juu yake kulikuwa na tozo ya huduma ya kila mwezi, adhabu za kuchelewa, na kitu kilichoandikwa "gharama za ufuatiliaji".

Nilimwomba alete kila karatasi yenye neno maji. Alileta mfuko wa plastiki umejaa. Tukazipanga bili kwa miezi juu ya meza, safu baada ya safu, na ndipo nilipoona neno dogo pembeni ya namba: "kadirio". Bili 14 kati ya 22 zilikuwa nalo. Mita iko ndani ya ua, geti hufungwa mchana kutwa, na msomaji wa mita alipokosa wa kumfungulia aliandika anachodhani. Makampuni yanaruhusiwa kukadiria, hilo si kosa lenyewe. Shida ni kwamba kadirio la mwezi huu hujengwa juu ya kadirio la mwezi uliopita, na baada ya mwaka mmoja namba inakuwa mbali sana na kile kilichopita kwenye bomba. Pale ambapo bei ya uniti hupanda kadiri unavyotumia zaidi, kadirio kubwa humsukuma mteja kwenye daraja la bei ambalo hajawahi kulifikia. Anaumia mara mbili.

Tukatoka na tochi. Mita ilikuwa kwenye shimo lenye mfuniko wa chuma, kioo kimejaa matope. Mama alikifuta kwa upindo wa kanga. Kwanza tukalinganisha namba ya mita na ile iliyo kwenye bili, kwa sababu nimewahi kukuta mtu analipia mita ya jirani miaka kadhaa. Zililingana. Kisha tukasoma tarakimu nyeusi: 1,611.

Nikamwambia asome tena kwa sauti. 1,611. Bili ya mwisho, iliyotoka wiki kadhaa kabla ya jioni ile, ilisema 1,742. Mita hairudi nyuma. Kama leo iko 1,611, haiwezekani kabisa kwamba mwezi uliopita ilikuwa 1,742. Uniti 131 zilikuwa maji ambayo hayajatoka bombani hadi siku ile. Tulipiga picha mita nzima, namba yake ikionekana, na gazeti la siku hiyo likiwa pembeni. Simu huweka tarehe kwenye picha, lakini tarehe ya simu hubadilishwa, na mwenye kukupinga analijua hilo.

Kisha tukarudi mwanzo, kwenye ile 1,206. Nilimuuliza: siku unahamia, mita ilisoma ngapi? Hakukumbuka. Akafikiri, akaanza kutafuta kwenye simu yake, akapekua picha za mwanawe, za harusi, za mvua, na hatimaye akaipata. Mwenye nyumba ndiye aliyemwambia apige picha siku ya kukabidhiwa funguo, na ujumbe aliomtumia ulikuwa bado upo: picha ya mita, 1,318. Kampuni ilikuwa imemfungulia akaunti kwa usomaji wa zamani wa mpangaji aliyetangulia. Uniti 112 zilitumika kabla yeye hajaingia na hata sufuria.

La mwisho lilikuwa malipo. Risiti zake zilifika thamani ya uniti 180, kampuni ilitambua 150. Tulizioanisha moja moja na taarifa ya akaunti mpaka tukaikuta iliyopotea: alilipa kwa simu, na tarakimu mbili za namba ya akaunti zilipishana nafasi. Pesa ilitoka kwake, ikaingia kwa mwingine. Hilo lilikuwa kosa lake, tulikubaliana hivyo, lakini mpokeaji alikuwa kampuni ile ile, na kampuni ingeweza kuirejesha mahali pake.

Basi hesabu ikawa hivi: 1,611 toa 1,318 ni uniti 293. Toa 180 alizolipia, zinabaki 113. Tofauti na dai la 386 ni 273, nayo inagawanyika bila mabaki: 112 za mpangaji wa zamani, 131 za makadirio, 30 za malipo yaliyopotea. Niliifurahia sana ile hesabu kufungana hivyo, kwa sababu mdaiwa anayeweza kueleza kila uniti ya tofauti haonekani tena kama mtu anayetafuta pa kujificha.

Majibu yenyewe

Hati ya madai huandikwa kwa aya zenye namba. Majibu nayo hufuata namba hizo hizo, na kila aya hupata moja ya majibu matatu: inakubaliwa, inakanwa, au mdaiwa hana ufahamu nayo na anamtaka mdai athibitishe. Aya usiyoigusa huchukuliwa mara nyingi kwamba umeikubali. Kwa hiyo "nayakana madai yote" peke yake ni utetezi mwepesi, na hakimu akiona mteja aliyetumia maji miezi 22 anakana kila kitu, huacha kumwamini hata pale anaposema kweli.

Aya ya 1 na ya 2, zilizotaja pande mbili na kwamba mdaiwa ni mteja wa mdai, tulizikubali. Aya ya 3, yenye kiasi, ndiyo tuliyoikalia. Ilitoka hivi:

"Aya ya 3 inakubaliwa kwa sehemu. Mdaiwa anakubali kudaiwa thamani ya uniti 113 pamoja na tozo ya huduma ya kila mwezi kwa kipindi alichokaa kwenye nyumba hiyo. Mdaiwa anakana uniti 273 zilizobaki, kwa sababu zifuatazo: (a) uniti 112 zilitumika kabla ya mdaiwa kuhamia, picha ya mita ya siku ya kukabidhiwa nyumba imeambatishwa, (b) uniti 131 zinatokana na makadirio yanayozidi usomaji halisi wa mita, picha imeambatishwa, na mdaiwa yuko tayari kumfungulia msomaji wa mdai siku yoyote, (c) malipo yenye thamani ya uniti 30 hayakuingizwa, risiti imeambatishwa."

Adhabu za kuchelewa tulizikana kwa kadiri zilivyokokotolewa juu ya uniti zisizo zake. Gharama za ufuatiliaji tulimtaka mdai aonyeshe zilitoka wapi, kwenye mkataba au kwenye sheria gani, na zilitumika kwa kazi ipi. Swali hilo moja huwa na nguvu. Mara nyingi tozo hizo huongezwa na mfumo wa kompyuta, na hakuna mtu aliyekaa kufikiri atazielezaje mbele ya hakimu.

Na zile kurasa mbili? Sikumwambia azichane. Ugonjwa wa mtoto na kukosa kazi havipunguzi deni, kwa hiyo mahali pake si kwenye utetezi. Vina mahali pake kwenye ombi la kulipa kwa awamu, na pale vina uzito mkubwa. Tuliandika karatasi ya pili: kipato chake cha sasa, matumizi ya lazima ya nyumba, na kiasi anachoweza kulipa kila mwezi bila kukosa. Nilimsisitizia ataje kiasi kidogo anachokiweza. Anayeahidi kikubwa akashindwa mwezi wa pili huwa amempa mdai sababu ya kuomba hukumu ikaziwe mara moja.

Tulijaza nakala tatu. Masjala walibaki na moja, moja ikaenda kwa mdai, ya tatu ilirudi kwake na mhuri wa tarehe. Ilikuwa siku ya 13.

Utetezi ambao hatukuutumia

Watu wawili walikuwa wameshamwambia mama kwamba deni la bili "huisha" likikaa, na kwamba aseme limepitwa na muda. Ukomo wa muda upo kweli. Kwa madai ya mkataba ni miaka 6 Kenya, Tanzania, Uganda, na England na Wales. Scotland ni 5. Ujerumani kwa kawaida ni 3, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka. Ufaransa, kampuni inayomdai mteja wa kawaida ina miaka 2 tu. Deni lake lilikuwa la miezi 22, na alikuwa amelipa sehemu miezi michache tu nyuma. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza, kulipa sehemu au kukiri deni kwa maandishi huanzisha hesabu ya muda upya. Kuuweka utetezi huo pale kungechafua ule mzuri tuliokuwa nao. Lakini mwenye kudaiwa bili ya miaka mingi nyuma aanze na swali hilo kabla hajaandika barua yoyote ya kukiri, hata ya heshima.

Kama angechelewa

Hili alinitaka nimweleze, kwa sababu dada yake lilimkuta. Hukumu ya upande mmoja si mwisho wa njia. Unaweza kuomba itenguliwe. Kama hukupewa wito ipasavyo, una hoja yenye nguvu sana. Kama ulipewa na ukanyamaza, mahakama itataka kujua kwa nini ulinyamaza, umekuja upesi kiasi gani baada ya kujua, na je, una utetezi wenye maana. Katika kesi ya Patel dhidi ya E.A. Cargo Handling Services, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza mwaka 1974 kwamba utetezi wenye maana hauhitaji kuwa ule utakaoshinda kwa hakika. Inatosha uwe na hoja inayostahili kusikilizwa. Mawakili wa Afrika Mashariki huitaja kesi hiyo hadi leo. Kwa hiyo ombi la kutengua hukumu huambatishwa rasimu ya utetezi, ile ile yenye namba na picha. Anayekwenda na pole peke yake hurudi na hukumu yake.

Kilichotokea

Siku chache baada ya mdai kupata nakala, wakili wake alimpigia mama simu. Alikuwa mstaarabu. Wakamtuma msomaji wa mita, akafunguliwa geti, akasoma 1,614. Tangu hapo mazungumzo yalibadilika. Uniti 112 za mpangaji wa zamani ziliondolewa, makadirio yakarekebishwa, ile risiti ikapatikana kwenye akaunti ya mtu mwingine. Gharama za ufuatiliaji zilifutwa. Adhabu za kuchelewa zilibaki kwa zile uniti 113, na mama akakubali kulipa nusu ya ada ya kufungua kesi. Hapo nilitaka abishane, yeye akakataa. "Hiyo yangu, mwanangu. Kuchelewa nilichelewa." Awamu 6.

Wakili alipendekeza kwamba wakubaliane tu kwa barua, kesi atashughulikia yeye. Hapo tulisimama imara. Makubaliano yasiyofika mahakamani huiacha kesi hai, na kesi iliyo hai inaweza kutolewa hukumu na hakimu asiyejua kwamba mmepatana. Hati ya maridhiano iliandikwa, pande zote mbili zikasaini, ikawasilishwa na kurekodiwa siku ambayo kesi ilipangwa kutajwa. Mama alikwenda mwenyewe. Alikaa benchi la nyuma tangu asubuhi, akaitwa karibu na adhuhuri, ikachukua dakika chache.

Kuna jambo moja nililolisahau, na lilimsumbua. Hati ile haikusema kampuni irekebishe salio kwenye mfumo wake wa bili ndani ya muda gani. Mwezi uliofuata bili ilikuja na salio la nyuma lile lile la zamani, pamoja na onyo la kukatiwa maji. Alinipigia simu sauti ikitetemeka, akidhani kila kitu kimeanza upya. Nikamwambia achukue nakala yenye mhuri aende nayo kaunta, asitoe ile halisi, na asiondoke bila kuandikiwa tarehe ya marekebisho. Alikwenda Jumatatu. Alhamisi bili ikarekebishwa. Siku hizi kila mwisho wa mwezi hufungua mfuniko wa mita, hufuta kioo, na kunitumia picha, ingawa sijamwomba.